Fazi Kwanza, Mwangwi Mwisho

Ukimwendea Fundi na kumwambia "Sasa?", jinsi vijana wote wa mitaa ya Eastlands, Nairobi, tulivyokuwa tukisalimiana, alitazama saa yake ya mkononi na kukujibu, "Sasa ni saa nne na nusu." Kisha aliinama tena juu ya kazi yake, na huna utakaloambiwa mpaka utafute salamu ya watu wazima. Maina, mpiga solo wa bendi yetu, alichukua karibu mwaka mzima kujifunza. Mimi nilijifunza siku ile ile ya kwanza, kwa sababu nilikuwa na haja.

Gitaa langu lilikuwa likivuma kama mzinga wa nyuki kila nilipolichomeka kwenye amplifaya. Mtu akanielekeza kibanda cha mabati pale Kaloleni, ambako fundi mmoja mwenye asili ya pwani alitengeneza redio, pasi na santuri. Nilimkuta amevaa kofia iliyoshonwa kwa mkono na miwani iliyoshikwa kwa waya. Nilipomwekea gitaa mezani, hakuligusa.

"Unaimba?" akaniuliza.

"Naimba na kupiga ridhim, Fundi."

"Haya, imba."

Nikaimba pale pale, huku mama mmoja akisubiri pasi yake na mzee mwingine akisubiri redio. Fundi alisikiliza ameinamisha kichwa, kama mtu anayetafuta sarafu sakafuni. Nilipomaliza, alisema, "Sauti yako iko juu na ni nyembamba. Basi gitaa lako lisipande huko, mtagombana." Ndipo akachukua bisibisi.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ulimletea waya uliokatika, naye akataka kujua wimbo.

Wakati huo nilikuwa nikishona kola za mashati katika kiwanda kimoja huko Baba Dogo, kola baada ya kola, tangu Jumatatu mpaka Jumamosi mchana. Jumapili alasiri tulipiga dansi katika ukumbi mmoja pale Kaloleni. Tulikuwa watano, wanaume wanne na mimi. Pedeli zilikuwa adimu Nairobi miaka hiyo. Ni visanduku vya chuma ambavyo mpiga gitaa huviweka sakafuni na kuvikanyaga kwa mguu ili sauti ibadilike. Vya kwetu vilikuwa vinne, vyote chini ya mguu wa Maina. Kulikuwa na fazi, inayoikwaruza sauti ikawa kama ya mtu aliyeamka na mafua. Kulikuwa na wawa, inayolifanya gitaa lilie kama mtoto anayedeka. Kulikuwa na pedeli ya kupandisha na kushusha sauti. Na ilikuwepo mashine ya mwangwi, yenye utepe ndani, iliyorudia kila ulichopiga mara tatu au nne mpaka kififie. Fazi ilikuwa kazi ya mikono ya Fundi mwenyewe. Aliijenga ndani ya mkebe wa majani ya chai, na harufu ya chai haikuisha.

Maina aliviunganisha visanduku hivi kwa waya jinsi vilivyotoka mfukoni. Kilichotangulia kutoka kilitangulia kuunganishwa. Jambo hilo lilimkosesha Fundi raha.

"Unapopika mchuzi, unaanza na nini?" alimuuliza siku moja.

"Na njaa," Maina akajibu.

"Unaanza na kitunguu. Unakikaanga mpaka kiwe kahawia. Fazi ndiyo kitunguu chako, ikae karibu na gitaa, isiwe na mtu katikati. Fazi ina wivu. Ukiitangulizia wawa, itapiga mbinja. Kisha wawa, hiyo nyanya. Kisha pedeli ya sauti, chumvi hiyo. Mwangwi ni tui la nazi, unalitia mwisho. Sasa wewe umelitia tui kwanza, halafu ukalikaanga! Kila mwangwi unaotoka unakwaruzwa na fazi, na mwangwi wa mwangwi nao unakwaruzwa. Watu wanasikia nini? Wanasikia lori la mawe."

Mkewe, tuliyemwita Mama Rukia kwa jina la binti yao, alikuwa mlangoni na birika la chai. "Mwulizeni," akasema, "mwulizeni mara ya mwisho kushika mwiko ilikuwa lini."

Tulikuja kujua jibu. Mama Rukia alipokwenda Mombasa kwenye arusi, Fundi alitualika chakula cha mchana, akasema atapika pilau mwenyewe. Tulimkuta anatengeneza redio huku sufuria ikitokota. Alikuwa ametia kila kitu kwa pamoja, mchele, nyama, vitunguu, viungo na maji, ili apate nafasi ya kurudi kwenye redio. Tulikula hivyo hivyo. Mchele wa chini uliungua, wa juu ulikuwa mbichi. Mwishowe Maina akauliza kwa adabu zote, "Fundi, hapa kitunguu kilianza, ama kiliunganishwa vyovyote?" Fundi alicheka mpaka akavua miwani na kujifuta machozi kwa ncha ya kanzu. Tangu siku hiyo chakula kikiharibika popote, sisi tulisema kimeunganishwa vyovyote.

Na hicho hakikuwa kichekesho chake pekee. Mtu huyu aliyetuhubiria mpangilio aliishi katikati ya vurugu. Kibandani, bisibisi zilikaa ndani ya birika bovu, risasi ya kuchomelea ilining'inia msumarini pamoja na tasbihi, na miwani aliitafuta kila siku ikiwa juu ya paji lake la uso. Lakini nyaya za bendi yetu alizifunga nyuzi za rangi alizomnyang'anya mkewe aliyeshona kofia. Nyekundu ilikuwa ya fazi, kijani ya wawa, njano ya sauti, buluu ya mwangwi. "Ili hata mwenye haraka asipotee," alisema huku akimtazama Maina.

Baa hakuingia. Tukipata kazi ya kupiga baani, alisimama ng'ambo ya barabara dakika chache, akasikiliza, akaenda zake, na kesho yake alitueleza makosa yetu moja baada ya jingine. Nilimwuliza siku moja kama dini yake haimkatazi kuhangaikia muziki wa dansi. "Sijui, mwanangu," akasema. "Nimemwuliza sheikh, akaniambia niangalie nia yangu. Nimeiangalia. Nia yangu ni huo mlio usiwe mbaya." Akarudi kwenye kazi yake, nikaona bado analifikiria lile swali.

Mama yangu hakuwa na shaka kama hizo. Alikuwa mtu wa kanisa, mwenye kitambaa cheupe kichwani kila Jumapili, na kwake binti mwenye gitaa la umeme alikuwa binti aliyekwisha kupotea. Alikuwa amefikia hatua ya kutosema nami tukiwa mezani. Siku redio yake ilipozimika aliipeleka kwa Fundi, na nadhani redio ilikuwa kisingizio tu, maana alikwenda kumkagua. Alinisimulia baadaye, baada ya miaka. Alimwambia Fundi, "Mzee, wewe ni mtu mzima. Mbona unamsaidia mtoto wangu kupotea?"

Fundi alimpa kiti. Akamwambia, "Mama, katika bendi ile wanaume wanapenda kupiga solo ili waonekane. Binti yako anapiga ridhim. Anashika mahali pamoja wimbo mzima ili wenzake wapate pa kusimama. Mtoto wa hivyo amelelewa."

Mama alirudi nyumbani na redio yake, na jioni ile akaniuliza kama nimeshiba.

Sasa nieleze ile Jumapili, maana hata leo nikikutana na watu wa umri wetu, hiyo ndiyo wanayoiulizia. Meneja wa ukumbi alikuwa ameamua kubaki na bendi moja ya kila Jumapili. Alitupambanisha na bendi ya vijana wa mtaa wa Shauri Moyo. Kila bendi ingepiga mara mbili kwa zamu, alasiri moja, na yeye angetazama watu wanacheza wapi. Kwetu sisi ukumbi ule ulikuwa kila kitu. Mpiga besi alikuwa amekwisha kusema tukiukosa anaacha muziki, arudi kwao akalime. Mimi nilikuwa nikizihesabu kola zangu na kujiuliza kama maisha yangu yote yatakuwa hizo.

Wiki ile Maina alikuja na pedeli ya tano, mpya, ya kuizungusha sauti kama feni. Aliichomeka mwanzoni kabisa, akaisogeza fazi nyuma ya wawa, na mwangwi akauweka katikati. Fundi alipoona, alisema, "Hapana, mwanangu. Hii utaaibika nayo."

Maina alikuwa na hofu, na hofu yake ilitoka kama hasira. "Fundi, wewe gitaa hupigi! Hata wimbo mmoja hujui kupiga. Unatufundisha nini?"

Fundi aliweka bisibisi chini polepole. "Kweli," akasema. "Mimi sipigi. Mimi husikiliza tu." Akavua kofia, akaivaa tena, akaenda kusimama nje mpaka tukaondoka.

Jumapili ukumbi ulijaa. Tulianza sisi. Wimbo wa kwanza, Maina alikanyaga fazi, na kitu kama mbinja ya polisi kikapasua ukumbi. Watu wakaziba masikio. Akakanyaga wawa, mbinja ikapanda. Akakanyaga mwangwi, na yale yote yakaanza kujirudia na kurundikana mpaka sikusikia gitaa langu wala sauti yangu. Niliimba huku nikitazama miguu ya wachezaji ikisimama, jozi baada ya jozi. Mwisho wa nyimbo zetu tatu kulikuwa na mtu mmoja tu anayecheza, na alikuwa amelewa. Vijana wa Shauri Moyo wakapanda jukwaani wakitabasamu.

Nilitoka nje kupata hewa, nikamkuta Fundi. Alikuwa amesimama chini ya dirisha la ukumbi, kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, anamenya chungwa.

"Umesikia?" nikamwuliza.

"Kaloleni nzima imesikia."

"Fundi, tafadhali. Zamu yetu inarudi sasa hivi. Ingia utupangie."

Akanipa nusu ya chungwa. "Wewe hujanikosea, mwanangu. Na miguu iliyo kwenye pedeli si yako. Yeye mwenyewe aje."

Nilikwenda kumtafuta Maina. Alikuwa nyuma ya jukwaa, amekaa juu ya sanduku la ngoma, shati limelowa. Nilimwambia nani yuko nje. Akaanza kukamua pindo la shati. Nikamwambia, "Maina, mimi Jumatatu narudi kwenye kola. Ukitaka nirudi nazo milele, kaa hapo."

Akainuka. Alipofika nje alisimama hatua tatu kutoka kwa Fundi, kichwa chini. "Fundi, njoo utusaidie."

"Nije nifanye nini? Gitaa sipigi."

Muziki wa Shauri Moyo ulikuwa ukisikika kupitia dirishani, mzuri, na watu wanashangilia. Maina akasogea hatua moja. "Nilikukosea, mzee wangu. Nilisema neno baya mbele za watu. Samahani."

Fundi akampa ile nusu nyingine ya chungwa. "Kula upesi," akasema. "Mikono yako isije ikanata kwenye nyuzi."

Hakuwa amewahi kupanda jukwaani kabla ya siku ile. Alipanda na kanzu yake mbele ya umati mzima, akapiga magoti, akaanza kuchomoa na kuchomeka. Mtu akapaza sauti, "Sheikh, tupigie moja!" Ukumbi ukacheka, naye akawapungia mkono bila kugeuka. Fazi kwanza, karibu na gitaa. Wawa. Sauti. Mwangwi mwisho. Ile pedeli mpya aliizungusha mikononi, akaipuliza vumbi ambalo haikuwa nalo, akaitia mfukoni. "Hii itapumzika leo," akamwambia Maina. "Anza na gitaa tupu. Fazi usiikanyage mpaka dada yako amalize ubeti wa pili. Wape watu hamu."

Nikahesabu nne, tukaingia. Gitaa langu nililisikia, safi, kila pigo. Nilisikia besi. Nikaimba ubeti wa kwanza, na kina mama waliokaa ukutani wakaanza kutikisa mabega. Nikaimba wa pili. Maina akakanyaga fazi.

Ule mlio ulikuwa na makali lakini haukuumiza. Ulikwenda moja kwa moja, na nyuma yake mwangwi ukaubeba, mmoja, wa pili, wa tatu, kila mmoja ukisikika peke yake. Watu wakapiga kelele. Meneja mwenyewe alimshika mkono mwuza soda wakaingia katikati. Mpiga besi alikuwa analia na kucheka, nami niliimba ubeti wa kwanza mara mbili kwa sababu wa tatu ulinitoka kichwani, wala hakuna aliyejua.

Nilipogeuka kumtafuta Fundi, hakuwepo. Wakati wa sala ya alasiri ulikuwa umefika, alikuwa amekwisha kwenda. Makofi tuliyopigiwa mwishoni hakuyasikia.

Meneja alishindwa kuchagua. Aligawa Jumapili, moja yetu, moja ya Shauri Moyo, na ikadumu hivyo kwa miaka. Mpiga besi hakurudi kulima.

Lakini kisa chenyewe kina mkia. Wiki iliyofuata mpiga solo wa Shauri Moyo alikwenda kwa Fundi na pedeli zake, akaomba apangiwe kama za Maina. Fundi alimpigisha gitaa saa nzima, akasikiliza, kisha akaweka wawa mbele ya fazi. Maina alipopata habari alikuja mbio.

"Fundi! Ulisema fazi ina wivu, haitaki mtu mbele yake!"

"Fazi yako. Yake haina wivu."

"Basi kanuni iko wapi?"

Fundi aliitafuta miwani, nikamwonyesha kichwani. Akaivaa, akamtazama Maina vizuri. "Kanuni ni kwamba nisikilize kwanza. Wewe ulipofika hapa ulikuwa mbishi sana, nikaona nikikueleza hivyo hutashika kitu. Nikakupa kitunguu na nyanya."



Miaka ya themanini ilipoendelea, disko zikachukua Jumapili zetu. Maina alipata kazi ya kupiga hotelini Mombasa. Kibanda cha Kaloleni kikafungwa, na mimi nikabaki na kiwanda, ambako sasa nilikuwa msimamizi wa kola badala ya kuzishona. Siku moja nilikutana na Rukia sokoni, akaniambia baba yake na mama yake wamehamia kwake, mtaa wa Mowlem. "Njoo umwone," akasema. "Na uje na gitaa, lile la mbao lisilohitaji umeme. Ananiuliza habari zako mpaka nachoka."

Nilikwenda Jumapili asubuhi. Nyumba zile zilikuwa mpya, umeme haujafika, na maji yalitoka kwenye bomba moja uani, hivyo foleni ya akina mama na madebe ilipita mbele ya mlango wao. Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, amekonda, ndevu zote nyeupe. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili na hakuuachia upesi.

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu."

"Haya. Piga."

Nilikaa kwenye kigoda nikaanza wimbo wa zamani, gitaa tupu, pole pole. Foleni ya maji ikageuza shingo. Mama mmoja akatua debe lake, akaanza kuzungusha kiuno pale pale, na wenzake wakacheka na kumfuata. Mama Rukia akatoka jikoni anafuta mikono. Kisha Fundi akainua mikono yake na kuanza kupiga makofi.

Nikashtuka. Alikuwa anapiga nje kabisa ya mwendo. Nikitua, yeye bado yuko njiani. Nikipita, ndipo anafika. Nilimfahamu mtu huyu zaidi ya miaka kumi na sikuwa nimewahi kumwona akipiga makofi.

Mama Rukia akaniinamia sikioni. "Hajapiga tangu arusi yetu," akanong'ona. "Walimwomba aache."

Lakini Fundi alikuwa amefumba macho, uso wake umekunjuka wote, anapiga makofi kwa furaha ya mtu asiyejua anatazamwa. Basi nikafanya ambalo mpiga ridhim hafai kulifanya. Nikapunguza mwendo, nikamngoja. Alipofika, nikatua naye. Alipochelewa tena, nikachelewa naye. Akina mama wa foleni wakayumba kidogo, kisha na wao wakafuata, na uwanja mzima ukawa unacheza kwa mwendo ambao haujawahi kuwepo.

Baada ya ubeti mmoja akafungua jicho moja.

"Mwanangu," akasema, "unachelewa."

"Ndiyo, Fundi," nikamjibu. "Nisamehe." Na nikaendelea kumfuata.